Presha ya ukoo: Kinachorithiwa na kisichorithiwa chini ya Mlima Hanang

Neno presha likitajwa msibani Mbulu au Hanang, kama kwingi kwingine nchini, halichelewi kufuatwa na neno ukoo. Baba alianguka shambani, shangazi akapooza upande mmoja, sasa mtoto wa tatu naye kakutwa na 180 kwa 110. Basi watu hutikisa vichwa, husema ile ni presha ya ukoo, na mazungumzo huishia hapo. Kauli hiyo ina ukweli mwingi kuliko tulivyozoea kuukubali sisi tunaoandika habari za afya, maana tumezoea kumlaumu mgonjwa kwa mafuta na chumvi kana kwamba watu wote huanza safari wakiwa sawa. Hawaanzi sawa. Watafiti waliolinganisha mapacha na ndugu wa damu hukadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti za shinikizo la damu baina ya watu hutokana na vinasaba. Moyo wenyewe hutengeneza homoni za kushusha presha, na hatuzaliwi tukiwa na uwezo mmoja wa kuzitengeneza. Tatizo liko kwenye hitimisho linalofuatia. Anachopokea mtoto kutoka kwa mzazi ni namna mwili unavyoshughulika na chumvi na maji. Kiharusi kilichomwangusha baba kinahitaji mengine mengi zaidi ya hapo, na mengi kati ya hayo yanaonekana na kupimika miaka 20 kabla. Kwa hiyo habari kwamba ukoo una presha ingepaswa kuwa sababu ya kuanza kupima mapema, tena ndugu wote, lakini imegeuzwa kuwa sababu ya kutopima kabisa.

Ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kuipima hoja hii kuliko wilaya hizi mbili. Kwenye nyanda za juu za Mbulu wanaishi Wairaqw, wakulima na wafugaji wenye lugha ya Kikushi. Kuuzunguka Mlima Hanang, wenye kimo cha takriban mita 3,420, wako Wadatoga, ambao wengi huwaita Wabarbaig, wafugaji wa asili ya Kiniloti. Wabantu wameingia kutokea upande wa Singida, na katika bonde la Yaeda wamo Wahadzabe, wawindaji na warina asali ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Asili hizo nne zinakutana katika eneo ambalo basi hulivuka kwa siku moja. Ndiyo maana wataalamu wa vinasaba hawachoki kuja huku. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff wa Marekani, pamoja na wenzake wa Afrika Mashariki akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha uchunguzi wa watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa bila kuharisha ulitokana na mabadiliko ya vinasaba yaliyozuka upande huu wa dunia miaka kati ya 2,700 na 6,800 iliyopita, mbali na yale ya Ulaya. Yaani ufugaji uliubadili mwili wa mfugaji katika muda ambao, kwa hesabu za vinasaba, ni mfupi mno. Jambo hilo lina maana mbili kwa mjadala wa presha. Kwanza, maisha ya jamii huacha alama kwenye damu yake. Pili, anayezungumzia vinasaba vya Mwafrika kana kwamba ni kitu kimoja hajafika mnadani Katesh, ambako mnunuzi, muuzaji na mpita njia wanaweza kuwa na asili zilizoachana maelfu ya miaka iliyopita.

Tuanze na moyo, kwa kuwa habari yake haijulikani sana. Hadi katikati ya karne iliyopita, vitabu viliueleza kama pampu ya nyama inayosukuma damu na kupokea amri kutoka kwingine. Mwaka 1956 yalitokea mambo mawili yaliyotia shaka maelezo hayo. Watafiti waliotia kipira ndani ya chumba cha juu cha moyo wa mbwa na kukijaza waliona mbwa anakojoa zaidi. Na Bruno Kisch, akichungulia kwa hadubini ya elektroni, aliona katika kuta za vyumba hivyohivyo vya juu chembechembe zinazofanana na zile za tezi zinazotoa homoni. Ilichukua miaka 25 kuyaunganisha. Mwaka 1981 Adolfo de Bold, Muargentina aliyekuwa akifanya kazi Kingston, Ontario, alisaga vyumba vya juu vya mioyo ya panya, akachuja, akawadunga panya wengine. Ndani ya dakika chache sodiamu katika mkojo wao ilipanda zaidi ya mara 30. Alipofanya hivyohivyo kwa nyama ya vyumba vya chini, hakuna kilichotokea. Homoni iliyokuwa humo ikaitwa kwa kifupi ANP. Mwaka 1988 Wajapani wakapata ndugu yake, BNP, katika ubongo wa nguruwe, na baadaye ikabainika kwamba chanzo chake kikuu mwilini ni vyumba vya chini vya moyo. Jina la ubongo likabaki pale, kama majina mengi ya kitabibu yanavyobaki baada ya maana yake kuondoka.

Kazi ya homoni hizi inafuatilika hatua kwa hatua. Mtu amekula makande yenye chumvi nyingi na mboga iliyokolezwa. Sodiamu inaingia kwenye damu, kiu inamshika, anakunywa maji, na damu inaongezeka ujazo. Damu hiyo ikirudi moyoni inazitanua kuta nyembamba za vyumba vya juu kupita kawaida. Mtanuko huo peke yake, bila amri ya ubongo, unazifanya seli zimwage ANP ikiwa bado haijakamilika. Kimeng'enya kiitwacho korini, kilichokaa juu ya seli hizohizo, kinaikata na kuifanya iwe homoni kamili. Inasafiri hadi kwenye figo na kuziamuru ziachie sodiamu na maji, inazuia homoni nyingine ambazo kazi yake ni kubakiza chumvi, na inalegeza misuli ya mishipa ili damu ipite kwa nafasi. Inafanana na mfereji wa kupunguzia maji ya bwawa: haujali mvua imenyesha wapi, unachojua ni kwamba kina kimezidi. Dakika chache baadaye homoni imekwisha kuvunjwavunjwa. Lakini pale ambapo kina hakishuki, presha ikakaa juu mwaka baada ya mwaka, vyumba vya chini hunenepa kuta, baadaye hulegea, na humwaga BNP nyingi isiyofua dafu tena. Ndiyo maana hospitali kubwa hupima BNP, au kipande kinachobaki inapokatwa, ili kutambua moyo ulioanza kushindwa kazi. Kwa maneno mengine, homoni iliyokuwa kinga imekuwa kipimo cha kiasi gani kinga imezidiwa.

Vinasaba vinaingilia karibu kila hatua ya safari hiyo. ANP na BNP zimeandikwa na jeni mbili, NPPA na NPPB, zilizokaa jirani kwenye kromosomu ya kwanza. Mwaka 2009 Christopher Newton-Cheh na wenzake waliwachunguza Wazungu wapatao 30,000 na kukuta kwamba wenye herufi fulani isiyo ya kawaida karibu na jeni ya NPPA wana homoni hiyo nyingi zaidi katika damu, na uwezekano wao wa kuwa na shinikizo la juu ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Matokeo hayo yalikuwa na uzito kwa sababu yalifunga mjadala: homoni ya moyo ni sehemu ya namna binadamu anavyodhibiti presha kila siku, haingojei mtu augue. Lakini atazame msomaji ukubwa wa athari yenyewe. Aliyebahatika kurithi herufi hiyo, namba ya juu ya presha yake ilipungua kwa pointi moja, moja na nusu hivi. Mwaka 2018 uchunguzi wa watu zaidi ya milioni moja ulifikisha idadi ya sehemu za vinasaba zinazogusa presha hadi 901, nyingi zikiwa na nguvu ndogo kama hiyo au chini yake. Mtu anayetafuta jeni ya presha ya ukoo wake, moja, yenye jina, atakata tamaa. Kinachorithiwa ni mamia ya vivutano vidogo, huku vingine vikipandisha na vingine vikishusha. Ndugu wa tumbo moja hawavigawani kwa usawa, ndiyo maana katika nyumba moja mmoja hufika miaka 90 akilima na mwingine hupooza akiwa na 50.

Kati ya vivutano hivyo vimo vya kubakiza chumvi. Kwa nini basi vimejaa kwetu? Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni ya hali ya hewa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aina mojawapo ya jeni iitwayo CYP3A5, inayosaidia figo kung'ang'ania chumvi, huwapata watu wengi karibu na ikweta na huzidi kuwa adimu kadiri unavyoelekea kwenye baridi. Anayetoka jasho kutwa nzima katika nchi ambayo chumvi ni adimu hufa haraka kwa kupoteza chumvi kuliko kwa kuizidisha. Mwili uliokuwa bahili wa sodiamu ulikuwa na faida kwa karne nyingi. Halafu chumvi ikawa rahisi. Hapa Hanang haikuwa ngeni kabisa, kwa sababu Ziwa Balangida likikauka huacha ukoko mweupe ambao wakazi wamekuwa wakiukusanya tangu zamani, na magadi yamekuwa yakilainisha maharage na mboga ngumu. (Ni haki kusema kwamba magadi nayo ni sodiamu, ingawa majaribio ya miaka ya 1980 yalidokeza kwamba sodiamu isiyofungamana na kloridi haipandishi presha sana kama chumvi ya kawaida. Wanaoyapiga vita magadi huku wakisahau kijiko cha chumvi wanafukuza mwizi asiye yule.) Tofauti kati ya jana na leo ni wingi na wepesi. Chumvi iliyobebwa kwa punda ilitumika kwa hesabu. Inayouzwa kwa pakiti dukani haihesabiwi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai.

Hapo ndipo upande wa pili wa ushahidi unapoanza kusema, na nauona mzito zaidi. Wahadzabe wamepimwa presha tangu enzi za uchunguzi wa Barnicot na wenzake uliochapishwa 1972. Mwaka 2017 David Raichlen, Herman Pontzer na wenzao walichapisha vipimo vipya: wawindaji hao hutumia zaidi ya saa mbili kila siku katika shughuli za kuchosha mwili kiasi au sana, shinikizo la juu kwao ni nadra hata uzeeni, na alama za hatari ya ugonjwa wa moyo katika damu yao ni za kuwaonea wivu. Mtu anaweza kudai kwamba hiyo ni damu yao. Dai hilo lingekuwa na nguvu kama tusingejua kilichowapata Wajaluo. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na timu yake waliwafuatilia watu waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Hawakubadilishana damu na mtu njiani. Hata hivyo, ndani ya miezi michache presha ya wahamaji ilikuwa imepanda, na mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: sodiamu imeongezeka, potasiamu ya vyakula vya shambani imepungua. Kwa upana zaidi, Richard Cooper aliripoti mwaka 1997 kwamba shinikizo la juu liliwapata asilimia 16 ya watu wa Afrika Magharibi, asilimia 26 ya wenye asili hiyohiyo katika visiwa vya Karibi, na asilimia 33 katika kitongoji cha Chicago. Asili haikubadilika kiasi hicho katika karne chache. Kilichobadilika ni chakula, uzito, kazi na mazingira yaliyowazunguka.

Hanang ina historia yake ya kubadilika haraka. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lililima mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, takriban ekari 100,000, na kuwapokonya Wabarbaig malisho yao bora. Kesi walizofungua miaka ya 1980 zinajulikana na wanasheria wa ardhi nchini kote. Zinazungumzwa kama habari ya ardhi na haki, na ndivyo zilivyo, lakini zina upande wa afya ambao hautajwi. Mfugaji aliyekosa nyanda hupunguza ng'ombe. Mwenye ng'ombe wachache ana maziwa machache. Na pengo la maziwa hujazwa kwa unga wa kununua, chai ya sukari na chumvi. Akihamia kando ya barabara, mwendo wa miguu hupungua, na siku hizi bodaboda humaliza uliobaki. Mwili ulioundwa kwa maziwa na kutembea unakabidhiwa maisha mengine katika kizazi kimoja, wakati vinasaba, kama tulivyoona kwenye habari ya maziwa, huhitaji maelfu ya miaka. Hapa sisemi kwamba wazee waliishi peponi. Watoto walikufa kwa surua na malaria kwa wingi usiosahaulika. Nasema tu kwamba damu ni ileile na mzigo umeongezeka.

Kuna pingamizi ambalo lazima lijibiwe, tena linatoka kwa watu makini: presha ni ugonjwa wa mjini na wa wanene, mkulima wa Dongobesh anayepanda mlima na jembe ana habari gani nayo? Jibu liko Hai, mkoani Kilimanjaro. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Ilala jijini Dar es Salaam na Shari, kijiji cha Hai, na kukuta kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima katika sehemu zote mbili walikuwa na shinikizo la juu, huku kijiji kikiuzidi mji kidogo. Na kati ya waliokuwa nalo, chini ya mmoja kwa watano ndiye aliyejua, mmoja kwa kumi hivi alitumia dawa, na wasiofika mmoja kwa mia ndio walioidhibiti presha yao. Miaka kumi na miwili baadaye uchunguzi wa taifa uliwakuta asilimia 26 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa nalo. Wanaofika hospitali wakiwa wameshalemewa wanathibitisha hesabu hiyo. Uchunguzi wa moyo kushindwa kazi uliofanyika Muhimbili chini ya Abel Makubi, wagonjwa 427, ulikuta chanzo kwa asilimia 45 ni presha, na wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Ulaya mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida amevuka 70. Asilimia 12 walikuwa na mioyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na koo la mtoto lisilotibiwa. Hawa hawana uhusiano na mjadala wa leo isipokuwa kutukumbusha kwamba si kila moyo mgonjwa ni wa presha.

Wengine hunukuu habari za Wamasai kama hoja ya kumaliza kesi, kwamba chakula si tatizo. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwachunguza Wamasai katika miaka ya 1960 na kukuta watu wanaokula maziwa, nyama na damu lakini wana lehemu ndogo na magonjwa ya moyo machache mno. Ni kweli, na matokeo yake ya 1972, yaliyotokana na kupasua maiti 50 za wanaume, yanavutia zaidi kuliko yanavyonukuliwa: mishipa ya moyo yao ilikuwa na utando kama wa Wamarekani wazee, ila ilikuwa imepanuka kiasi kwamba damu iliendelea kupita. Mann aliuhusisha upanuzi huo na mwendo wao wa miguu. Anayemtumia kutetea sahani ya nyama choma na bia mbili kila jioni amechukua nusu ya habari na kuiacha ile nusu ya kilomita.

Pingamizi la upande wa pili ni gumu zaidi. Kama mazingira yana nguvu kiasi hicho, vinasaba tuviachie maabara za Ulaya, sisi tushughulikie chumvi na mashine za presha. Nilishawahi kuipenda hoja hiyo kwa urahisi wake, lakini haisimami. Tazama kipimo cha BNP. Viwango vinavyotumika kuamua nani moyo wake umeshindwa vilitungwa zaidi kwa kuwapima Wazungu. Mwaka 2015 uchunguzi wa Dallas, jimboni Texas, ulionyesha kwamba Wamarekani Weusi wana homoni hizi kidogo katika damu kuliko Wazungu wa mji huohuo, hata wasipokuwa wagonjwa. Na unene nao hushusha kiwango. Je, Mwiraqw yuko upande upi? Asili ya Wamarekani Weusi ni Afrika Magharibi na Kati, ambayo iko mbali na Wakushi na mbali zaidi na Wahadzabe. Kumsomea mkulima wa Mbulu jibu lake kwa rula ya Texas kunaweza kumwambia yuko salama wakati hayuko. Vilevile kwenye dawa: mwaka 2019 jaribio lililoitwa CREOLE, lililofanywa katika nchi sita za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha kwamba mseto wenye amlodipini ulishusha presha zaidi kuliko ule usio nayo. Hilo lilijulikana kwa sababu mtu alikwenda kuwapima Waafrika wenyewe. Na mfano ninaoupenda kuliko yote: mwaka 2006 Jonathan Cohen na Helen Hobbs walikuta kwamba Mmarekani Mweusi mmoja kati ya takriban 40 amerithi jeni mbovu ya PCSK9, na ubovu huo ulikuwa bahati, kwa sababu lehemu yake ilikuwa pungufu kwa asilimia 28 na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 88. Dawa zilizoidhinishwa mwaka 2015 zinaiga ubovu huo. Zilitoka kwenye damu yenye asili ya Afrika na zinauzwa kwa bei ambayo Afrika haiiwezi, jambo linalostahili makala yake.

Kwa hiyo uchunguzi wa namna hii ufanyike huku, na uwezo upo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955 porini kusini mwa Mbulu, imekuwa kituo cha utafiti kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1990 maelfu ya wajawazito wa Mbulu na Hanang walipimwa upungufu wa damu katika kliniki za kawaida, na matokeo yakasomwa duniani. Ningependa kliniki hizohizo zifikiriwe kwanza kwa suala la moyo. Korini, kile kimeng'enya kinachoikamilisha ANP, imeonekana pia kwenye mji wa mimba: watafiti walioandika mwaka 2012 walikuta panya wasio nayo wanapata presha wakibeba mimba, kwa kuwa mishipa inayolisha kondo haitanuki ipasavyo. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba huambiwa akishajifungua salama kwamba yamekwisha. Hayajaisha, hatari yake ya presha na kiharusi miaka inayofuata ni kubwa kuliko ya wenzake, na jina lake tayari liko kwenye daftari la kliniki. Damu yake ikichukuliwa kwa utafiti, ridhaa iombwe kwa lugha anayoizungumza nyumbani, na majibu yarudi kijijini. Watafiti wengi wamekuja bonde la Yaeda na mirija wakaondoka nayo.

Yote hayo yatachukua miaka, wakati kipimo cha vinasaba cha bei ya chini kuliko vyote kipo leo na hakitumiki. Ni swali: nani katika familia yenu alipooza au kufa ghafla, na alikuwa na umri gani? Mtu mzima akikutwa na 160 kwa 100 zahanati ya Endasak au Yaeda Chini, mkanda ukiwa wa saizi ya mkono wake na amekaa kimya dakika tano kabla ya kupimwa, swali hilo likiulizwa huibua majina ya ndugu watano, sita, ambao hawajawahi kupimwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanazijua nyumba zao. Atakayesema kwamba kuandika magonjwa ya ukoo kutawaharibia vijana uchumba ana hoja. Ndiyo maana daftari liwe la mhudumu, lisiwe la mwenyekiti wa kitongoji. Atakayesema kwamba watu wataogopa, akumbuke kwamba tayari wanaogopa, na baadhi yao huamini mgonjwa wa kiharusi amerogwa au ameingiwa na mapepo, imani ambayo hugharimu siku za mwanzo ambazo tiba ingesaidia. Ndugu hao sita wakipimwa, huenda wawili wakakutwa na presha. Wa tatu, mwenye 135 kwa 85 akiwa na miaka 30, hahitaji dawa bado. Anahitaji kuonyeshwa kijiko kimoja cha chai na kuambiwa kwamba figo zake, kwa urithi, ni bahili. Na kwa wale wawili, amlodipini ni dawa ya zamani ambayo hakimiliki yake ilikwisha kitambo, hutengenezwa na viwanda vingi, na humezwa kidonge kimoja kwa siku. Kinachobaki kuulizwa halmashauri za Mbulu na Hanang ni miezi mingapi ya mwaka kidonge hicho hukosekana dirishani, kwa sababu presha iliyoanzishiwa dawa kisha ikaachwa Machi hairudi tena zahanati mpaka imepanda kitandani.